Kanisa na Kampuni katika nchi ya dhahabu: nani mkubwa?

Katika nyanda za Usukuma, kuanzia mji wa Shinyanga, kupita Kahama, hadi vilima vya Geita vilivyo karibu na Ziwa Viktoria, zimo taasisi mbili ambazo hakuna mwananchi asiyezijua. Moja ni Kanisa, na ya pili ni Kampuni ya kuchimba dhahabu. Kila moja ina watumishi wake, magari yake, majengo yaonekanayo kutoka mbali na sheria zake za ndani. Kila moja hupokea maagizo kutoka ng'ambo ya bahari. Na kila moja, ikitazamwa kwa ukamilifu wake, ni kubwa kuliko halmashauri ya wilaya ambamo inafanya kazi.

Leo tunakusudia kuzipima taasisi hizo mbili na kuuliza ni ipi iliyo kubwa na ni ipi inayofika mbali. Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akauliza: haya ya Geita yatuhusu nini sisi watu wa bahari? Yanatuhusu sana. Mwaka 2016 Zanzibar ilitunga sheria yake ya mafuta na gesi. Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ilitiliana saini na kampuni ya RAK Gas mkataba wa kugawana mazao ya kitalu cha Pemba na Zanzibar. Mwaka 2024 vitalu vinane vya baharini vilitangazwa kwa wawekezaji. Kampuni kubwa inabisha hodi. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na ndugu zetu wa Shinyanga na Geita wamekwisha nyolewa zaidi ya mara moja.

Kwa neno Kanisa, hapa tunakusudia hasa Kanisa Katoliki, kwa kuwa ndilo linaloweza kulinganishwa na kampuni ya kimataifa kwa mpango wa utawala wake. Hatusahau kwamba katika sehemu hizo hizo Kanisa la Africa Inland lina waumini wengi na mizizi mirefu. Hospitali yake ya Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, ilianzishwa mwaka 1913. Kwa neno Kampuni tunakusudia hasa mbili: AngloGold Ashanti, yenye mgodi wa Geita, na Barrick, yenye mgodi wa Bulyanhulu na iliyokuwa na mgodi wa Buzwagi karibu na Kahama.

Tuanze na kipimo cha dunia. Kanisa Katoliki lina wabatizwa wapatao bilioni 1.4, nalo huongozwa kutoka dola ya Vatikano ambayo eneo lake halizidi hekta 44. Barrick ilianza katika jiji la Toronto, nchini Kanada, mwaka 1983. Baada ya miaka arobaini ilikuwa ikichimba dhahabu Marekani, Kongo, Mali, Argentina, Papua New Guinea na kwetu, na mwaka 2023 ilitoa wakia zipatazo milioni 4. Mgodi wa Geita peke yake, katika miaka ya karibuni, umekuwa ukitoa karibu nusu milioni ya wakia kwa mwaka, yaani tani zipatazo 15 za dhahabu. Kwa hesabu ya watu, Kampuni si chochote mbele ya Kanisa. Kwa hesabu ya fedha zinazopita mkononi kwa mwaka katika wilaya moja, jimbo la Kanisa si chochote mbele ya mgodi.

Lakini kipimo cha dunia hakimwambii mwanakijiji jambo kubwa. Yeye hutaka kujua ni nani anayefika mlangoni pake. Hapo yatupasa kurudi nyuma katika historia, na historia yenyewe inaanzia hapa Unguja.

Mapadre wa kwanza wa Kikatoliki wa zama hizi walifika Unguja mwaka 1860, wakavuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka 1878 wamisionari waitwao Mapadre Weupe walipita pwani yetu hiyo hiyo, wakaajiri wapagazi, wakashika njia ya misafara kwenda Tabora na Ziwani. Mwaka 1883 walifungua misheni ya Bukumbi, kusini ya Mwanza. Kutoka mizizi hiyo yalichipuka majimbo. Jimbo lililoanza kwa jina la Maswa lilipewa jina la Shinyanga mwaka 1956, likaongozwa kwanza na Askofu Edward McGurkin wa shirika la Maryknoll kutoka Marekani, kisha tangu mwaka 1975 na Askofu mzalendo, Castor Sekwa. Jimbo la Kahama liliundwa mwaka 1983, mwaka ule ule Barrick ilipoanza huko Toronto. La Geita lilifuata mwaka 1984.

Kampuni nayo si ngeni kwa historia yetu. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alikodisha ukanda wa Mrima kwa kampuni ya Wajerumani, nayo ikapewa haki ya kutoza ushuru wa forodha. Kabla ya mwaka kwisha, Abushiri na wenzake walikwisha shika silaha dhidi yake. Waingereza nao walikuwa na kampuni yao yenye hati ya kifalme, iliyotawala upande wa Mombasa. Hivyo watu wa pwani ndio waliotangulia kuona kwamba kampuni, ikiachiwa, haikawii kugeuka serikali.

Huko Geita dhahabu ilichimbwa na mgodi wa kikoloni tangu mwaka 1936 hadi mwaka 1966, ikatoka wakia zipatazo milioni moja. Mgodi ukafungwa. Ulipofunguliwa mgodi mpya mwaka 2000, baada ya Sheria ya Madini ya mwaka 1998, mambo yalikuwa mengine kabisa. Sheria hiyo iliweka mrabaha wa asilimia 3 tu, na haikuipa Serikali hisa katika migodi mikubwa. Leo mgodi ule, kwa kiasi unachotoa sasa, huhitaji miaka miwili tu kutoa dhahabu iliyomchukua mkoloni miaka thelathini.

Sasa tupime eneo. Leseni ya mgodi wa Geita inafunika kilomita za mraba zipatazo 196, yaani karibu moja ya tano ya kisiwa chote cha Pemba. Ndani ya eneo hilo Kampuni ina nguvu kubwa: hujua kilicho chini ya ardhi kuliko Serikali yenyewe, hulinda mipaka, huamua nani aingie na nani atoke. Lakini mkoa mzima wa Geita, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu 2,977,608, ambao ni zaidi ya watu milioni moja juu ya wakazi wote wa Unguja na Pemba waliohesabiwa mwaka huo, 1,889,773. Walio wengi kati ya watu hao wa Geita ni wakulima, wavuvi na wachimbaji wadogo, ambao hawajaingia katika lango la mgodi na hawataingia.

Kanisa limejengwa kwa namna nyingine. Jimbo lina parokia, parokia ina vigango, kigango kina jumuiya ndogo ndogo, na jumuiya ni nyumba chache zinazokutana kila juma. Maaskofu wa Afrika Mashariki walitilia mkazo mpango huo katika miaka ya 1970, wakati ambapo TANU nayo ilikuwa na mabalozi wake wa nyumba kumi kumi. Katika kigango cha mbali hakuna padre. Yuko katekista, ambaye mara nyingi ni mkulima wa pamba na mtama kama jirani zake. Huyo ndiye ofisa wa mwisho wa taasisi ambayo makao yake yako Roma. Kampuni haina mtu wa namna hiyo. Ofisa wake wa mwisho ni mlinzi aliye getini.

Basi twaweza kusema kwamba Kampuni ni nyembamba na inakwenda chini sana, na Kanisa ni pana na linakwenda juu juu. Kampuni huzamisha mtaji mkubwa mahali pamoja. Kanisa hutawanya kidogo kidogo kila mahali. Lakini iko tofauti kubwa kuliko hiyo, nayo ni tofauti ya muda.

Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2021 ulifikia mwisho wake. Miaka kumi na miwili! Mtoto aliyezaliwa Kahama siku mgodi unafunguliwa alikuwa hajamaliza shule ya msingi ulipofungwa. Sasa eneo lile limetengwa kwa ajili ya viwanda na uwekezaji mwingine, na ni jambo la kusifiwa. Lakini ajira za mgodi, na mapato yake kwa halmashauri, hayarudishwi kwa tangazo. Kwa upande wa pili, Hospitali ya Sengerema, ambayo ni mali ya Jimbo Katoliki la Geita, imekuwa ikipokea wagonjwa tangu mwaka 1959. Ilikuwapo wakati wa Mwingereza, ikawapo wakati wa Azimio la Arusha, na ipo leo.

Msomaji wa visiwani ataielewa hali hii akikumbuka wakfu. Mwenye kuweka nyumba wakfu hahesabu faida ya mwaka huu. Anahesabu waliokwisha kufa na wasiojazaliwa. Kampuni ina mwenye hisa, naye anataka gawio lake kila mwaka. Hatusemi hayo kwa kuilaumu. Kampuni haikuundwa ili ikae, imeundwa ili ichume, na madini yakiisha hapo ilipo hakuna kinachoizuia kuondoka. Kosa si la mvunaji anayekwenda zake baada ya mavuno. Kosa ni la mwenye shamba aliyedhani kwamba mvunaji amehamia.

Na mwenye shamba, ambaye ni Serikali kwa niaba ya wananchi, alichelewa sana kuyafahamu hayo. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu katika machimbo ya Bulyanhulu ili kuipisha kampuni. Madai ya kwamba wapo waliofukiwa mashimoni yalibishaniwa kwa miaka mingi, na machungu yake hayajaisha. Mwaka 1999 Barrick ilinunua haki za machimbo hayo, na mwaka 2001 mgodi ulifunguliwa. Mwaka 2007 mkataba wa Buzwagi ulitiwa saini na Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Ndugu Nazir Karamagi, si Dodoma wala Dar es Salaam, bali London. Mbunge aliyeuliza sababu, Ndugu Zitto Kabwe, akasimamishwa Bungeni. Kelele za wananchi ndizo zilizozaa Kamati ya Jaji Mark Bomani, na kamati hiyo ikasaidia kuzaa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4.

Kisha ukaja mwaka 2017. Makontena 277 ya makinikia yalizuiwa bandarini, kamati mbili za wataalamu zikaundwa, na kampuni ya Acacia, tanzu ya Barrick, ikapelekewa madai ya kodi ya dola bilioni 190, kiasi kilichozidi mara tatu pato la taifa la mwaka. Baada ya mazungumzo marefu, yaliyohitimishwa kwa saini Januari 2020, Barrick ilikubali kulipa dola milioni 300, Serikali ikapata asilimia 16 katika kampuni mpya ya Twiga, na pande mbili zikaahidiana kugawana manufaa nusu kwa nusu. Mrabaha ulikwisha pandishwa kwa sheria ya mwaka 2017 hadi asilimia 6.

Kati ya bilioni 190 na milioni 300 kuna umbali mkubwa. Wapo wanaosema tulidai kupita kiasi; wapo wanaosema tuliridhika na kidogo. Sisi twasema kwamba umbali huo wenyewe ndio ushahidi wa ugonjwa. Serikali inayoweza kudai kiasi hiki na kupokea kile haikuwa na daftari la kuaminika kuhusu mali yake mwenyewe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Hapo ndipo tunapokuja kwenye jambo linalotushangaza zaidi. Katika miaka ile, nani aliyekaa chini akafanya hesabu ya dhahabu na kuiweka hadharani mbele ya wananchi? Mwaka 2008 ilitolewa ripoti kuhusu jinsi Tanzania inavyokosa manufaa ya dhahabu yake. Waliosimama nyuma yake walikuwa Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA, wakisaidiwa na mashirika ya makanisa ya Norwei na Uingereza. Ripoti ilionyesha kwamba katika miaka mitano nchi ilisafirisha dhahabu ya thamani inayozidi dola bilioni 2.5, ilhali mrabaha na kodi vilivyoingia Serikalini vilikuwa wastani wa dola zipatazo milioni 22 tu kwa mwaka. Mwislamu na Mkristo walikaa meza moja, wakapiga hesabu moja.

Kwa nini wao? Kwa sababu walikuwa na kitu ambacho halmashauri ya wilaya haikuwa nacho: masikio kijijini na sauti London. Kampuni ina ofisi Toronto na shimo Kahama. Taasisi ya dini nayo ina kigango au msikiti Kahama, na ina ndugu wa imani katika miji ambako hisa zinauzwa. Aliyeweza kuifuata Kampuni kutoka shimoni hadi sokoni alikuwa ni yule mwenye mtandao mrefu kama wake.

Hata hivyo, tusilipambe Kanisa kupita stahili yake. Kati ya mwaka 2007 na 2009, sehemu za Shinyanga, Geita na Kanda ya Ziwa kwa jumla zilikumbwa na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyochochewa na imani potofu kwamba viungo vyao huleta bahati katika uchimbaji na uvuvi. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia Bungeni kwa ajili ya jambo hilo. Daftari za ubatizo zilikuwapo katika vijiji vile, mahubiri yalikuwapo, uzio na walinzi wa migodi walikuwapo. Taasisi zote mbili kubwa hazikuzuia mikono ile. Septemba 2009, katika kikao cha Mahakama Kuu huko Kahama, watu watatu walihukumiwa adhabu ya kifo kwa mauaji ya namna hiyo. Kazi hiyo ya kukamata, kushitaki na kuhukumu haikufanywa na Kanisa wala Kampuni. Ilifanywa na Dola.

Tena Kanisa nalo hutumia fedha za umma. Hospitali zake nyingi zimeteuliwa kuwa hospitali za wilaya, na Serikali hutoa ruzuku na watumishi. Makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa juu ya huduma za jamii yamelalamikiwa na Waislamu wengi, na malalamiko hayo hayajibiwi kwa kunyamaza. Yanajibiwa kwa hesabu zilizo wazi. Anayemdai mwenzake daftari hana budi kuwa tayari kulionyesha la kwake.

Nani mkubwa, basi? Kampuni ni kubwa kwa nguvu, na Kanisa ni kubwa kwa upana na umri. Lakini hakuna kati yao anayepaswa kuwa mkubwa kuliko Serikali ya wananchi, na tatizo la Shinyanga na Geita kwa miaka mingi lilikuwa kwamba zote mbili zilikuwa kubwa kuliko Serikali iliyo karibu. Mwanakijiji aliyeumwa alikwenda kwa masista. Aliyetaka barabara aliiomba mgodi. Halmashauri ilibaki kuwa mwandishi wa barua za maombi. Kwa muda mrefu halmashauri zenye migodi zilipokea dola 200,000 tu kwa mwaka, hadi zilipoanza kulipwa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo kama sheria isemavyo. Sheria ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma kwa sauti.

Kwa viongozi wetu wa visiwani tuna maneno matatu ya kuyasema kwa heshima na kwa msisitizo. Kwanza, mikataba ya mafuta na gesi ifikishwe mbele ya Baraza la Wawakilishi na isomwe na wananchi, na isitiwe saini katika hoteli za mbali. Pili, hesabu ya siku ya mwisho ifanywe siku ya kwanza: kampuni itakapoondoka, mvuvi wa Wete au Mkoani atabaki na nini, na nani atasafisha bahari yake? Fedha ya kazi hiyo iwekwe kando kabla ya tone la kwanza kutoka. Tatu, vijana wetu wasomeshwe sasa kazi ya ukaguzi wa hesabu za mafuta, ili daftari la Serikali liwe sawa na la Kampuni, mstari kwa mstari.

Kwa masheikh wetu na wachungaji wetu tuna neno moja. Kampuni itakapokuja itatoa saruji ya msikiti na mabati ya kanisa, kama ilivyo desturi ya makampuni. Pokeeni mkiona inafaa, lakini msipokee badala ya jibu. Mliotangulia mwaka 2008 waliwaonyesha njia: swali moja lililoulizwa kwa pamoja lina uzito kuliko mabati mia.

Shimo la Buzwagi liko pale, na anayetaka kujifunza nauli yake si kubwa. Tungependa kusikia kwamba maofisa wetu wa nishati na masheha wa Pemba wamekwenda kulitazama, wakazungumza na watu wa Kahama waliobaki baada ya Kampuni kuondoka, kabla mtambo wa kwanza wa kuchimba haujafika katika maji yetu.